Siku Mtani Alipoibeba Kazi ya Kabula

Tangu Kabula apate kazi, hakuna aliyetwanga kitu asubuhi nyumba ile. Kinu kilihamishiwa nyuma kabisa, karibu na choo, na mchi ukaegemezwa ukutani kama mtoto aliyepewa adhabu.

"Watu wa Dar wakisikia wanatwangiwa mahindi masikioni watasemaje?" mama aliwaambia majirani, na kicheko chake kilikuwa cha mtu anayejisikia.

Apolinaria, bintiye, hakucheka. Yeye ndiye aliyekibeba hicho kinu.

Kabula alikuwa mtoto wa mama mdogo Yustina, wa kijijini Ziba. Alikuja Tabora na begi moja tu, kwa sababu kwao mtandao ni wa kupanda juu ya kichuguu ndipo uupate. Akapewa chumba cha mbele, chenye dirisha la kuangalia barabara. Chumba hicho kilikuwa cha Apolinaria tangu akiwa shule ya msingi.

"Wewe si hufanyii kazi ndani," mama alimwambia. "Mpishe mdogo wako. Utalala na bibi."

Basi Apolinaria, msichana mwenye digrii, akahamia kwa Bibi Martha, kwenye harufu ya ugoro na dawa ya kuchua.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Shirika la utafiti lilikuwa Dar, bosi alikaa Arusha, na wafanyakazi kila mtu alikuwa kwao: mmoja Songea, mmoja Kigoma, mmoja Tanga. Hawajawahi kuonana hata siku moja ila kwenye kioo cha kompyuta. Walikuwa wanawapigia simu wahitimu wa vyuo nchi nzima kuwauliza wanafanya nini, wamepata ajira au bado, na kama bado wanaishije. Ni hivyo tu. Kuuliza watu habari zao.

Hapo ndipo palipomchoma Apolinaria. Yeye alisoma sosholojia. Miaka mitatu chuoni alifundishwa namna ya kuuliza watu habari zao, namna ya kunyamaza wakati mtu anafikiri, namna ya kuuliza swali moja kwa njia tatu. Kabula alikuwa na diploma ya kutunza kumbukumbu. Na ukitaka kujua uchungu mwenyewe, tangazo la kazi hiyo Apolinaria ndiye aliyeliona wa kwanza. Lilipita kwenye kundi la wasapu la wahitimu, akalisoma, akaguna. "Kazi gani huendi ofisini? Matapeli hawa." Akamrushia Kabula huko Ziba ili wacheke wote, na vikatuni vya kucheka akaviweka mwenyewe.

Kabula hakucheka. Kabula aliomba.

Kila asubuhi, Apolinaria akiwa anachambua mchele barazani, sauti ya mdogo wake ilikuja kupitia dirishani, laini kama ya mtangazaji.

"Habari za asubuhi, naitwa Kabula. Samahani kwa usumbufu. Ulihitimu mwaka gani?"

Apolinaria alijibu kimoyomoyo: mwaka juzi.

"Na katika wiki iliyopita, ulifanya kazi yoyote ya kukuingizia kipato, hata kwa saa moja?"

Hapana.

"Na umetafuta?"

Nimetafuta. Nimetafuta mpaka soli za viatu zimeniaga.

"Asante sana, usikate tamaa dada yangu," Kabula alimwambia mtu wa huko mbali, na Apolinaria akatupa punje ya mchele kwa kuku kana kwamba anampiga mtu jiwe.

Siku moja Kabula alitoka kupumzika, hedifoni shingoni, akakaa naye kwenye mkeka. Alikuwa na tabia ya kukaa karibu sana na mtu, magoti yakigusana, kama walivyokuwa wakikaa utotoni.

"Dada, unajua nini? Wahitimu wengi wanakaa wanangoja ofisi. Wanataka meza na kitasa cha mlango. Ukiwauliza wanakwambia hawana kazi, kumbe wanauza vitenge, wanafundisha tuisheni. Hawaihesabu."

"Wewe unaihesabu?"

"Naiandika. Halafu wale ambao hawana kitu kabisa, watu kama wewe, ni wengi mno dada. Mno! Kwa hiyo wala usijisikie vibaya."

Alisema kwa upendo. Hilo ndilo lilikuwa baya. Angesema kwa dharau Apolinaria angepata pa kumshikia. Watu kama wewe. Maneno hayo alilala nayo, akaamka nayo, akapika nayo ugali ukawa na madonge.

Halafu Bibi Martha akafariki.

Alikwenda taratibu, usingizini, akiwa amewazika rafiki zake wote. Nyumba ikajaa. Mjomba Raymundi alikuja kwa treni kutoka Tura na gunia la karanga, mama mdogo Yustina akafika kutoka Ziba amelia mpaka sauti imekauka, na watu wa jumuiya ya kanisani wakawa wanaimba na kusali rozari uani. Bibi akazikwa vizuri. Ikabaki siku ya kuanua matanga.

Mjomba Raymundi, kwa kuwa ndiye mkubwa wa familia, akapanga iwe Jumatano.

"Jumatano?" Kabula alishtuka. "Mjomba, Jumatano saa tisa mchana nina mkutano."

"Mkutano wapi?"

"Hapa. Chumbani."

Wanaume waliokaa kwenye viti vya plastiki wakaangaliana. Mjomba alikohoa.

"Mwanangu, mkutano wa chumbani ndio uzuie matanga ya bibi yako?"

"Mjomba, mradi unaisha mwezi huu. Wanabakiza mtu mmoja kwa mikoa yetu ya magharibi, awe msimamizi, ajira ya kudumu. Ni mimi au Festo wa Kigoma. Kila mtu anaeleza alichokigundua, kisha wanachagua siku hiyohiyo. Nisipoonekana, nafasi ni ya Festo."

"Ofisi iko wapi?"

"Haina ofisi, mjomba."

"Haina ofisi," mjomba alirudia polepole, kama mtu anayeonja mboga na kukuta haina chumvi. "Basi mwanangu, kama haina ofisi, haina mlango. Na kama haina mlango, hawawezi kukufungia nje. Jumatano."

Wanaume wakacheka. Kabula akacheka kidogo pia, kwa heshima, lakini Apolinaria alimwona anavyojisugua vidole. Na alipouona woga ule, wa kwanza kuuona tangu Kabula aje mjini, kitu kidogo kitamu kilimpita kifuani.

Jumatano asubuhi Kabula aliamka kabla ya wote, akachota maji, akamenya vitunguu, akakoroga uji, ili saa tisa ikifika asiambiwe hajafanya kitu. Kisha akamvuta Apolinaria pembeni.

"Dada, leo watani watakuja."

"Watakuja, ndiyo."

"Kompyuta nimeificha kabatini, chini ya khanga za bibi nilizopewa nizitunze. Ni ya ofisi, na sauti zote za watu niliowahoji zimo humo. Kwenye simu haziruhusiwi kufunguka, na mkutano wenyewe pia haufunguki. Nakuomba, wasiingie chumbani. Nimekwambia wewe peke yako."

"Sawa."

"Kweli dada?"

"Nimesema sawa, Kabula. Kwani mimi mtoto?"

Kwa mtu asiyejua mambo yetu: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kupita kwa Wazaramo wakitukanana na kushirikiana chakula. Kwenye msiba mtani ana ruhusa zote. Atavaa nguo za marehemu, atamwigiza alivyokuwa akitembea, atalala mlangoni watu wasipite. Akiona kitu anakichukua, na hakirudishi mpaka kikombolewe kwa alichokitaja. Na wewe huruhusiwi kununa. Mtani hakasirikiwi. Ukikasirika umemwaibisha maiti.

Mtani wa nyumba ile alikuwa Mzee Sabiri, fundi cherehani. Babake alifika Tabora kwa treni akiwa kijana, hakurudi tena, lakini Sabiri aliyezaliwa hapohapo alikuwa Mzaramo kuliko wa Kisarawe. Na Bibi Martha alikuwa rafiki yake mkubwa. Walitukanana kila siku ya Mungu.

Aliingia kabla ya adhuhuri, amevaa gauni la marehemu juu ya kanzu, fimbo mkononi, akijikunja mgongo na kupiga chafya za ugoro.

"Nyie vijukuu vya wapagazi!" alipiga kelele kwa sauti ya bibi kabisa, mpaka mama akashika mdomo. "Nimekufa juzi tu, mmeshakula karanga zangu zote?"

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Mama mdogo Yustina, ambaye alikuwa hajatabasamu tangu afike, alicheka mpaka akalala kwenye mkeka.

"Wewe Mzaramo," mjomba Raymundi alimjibu, "karanga utazijulia wapi? Nyinyi mkisikia ngoma mnaacha hata jiko linaungua!"

"Na nyinyi mkiona mzigo tu, vichwa vinawawasha!"

Sabiri akaanza kukusanya. Akachukua kigoda, akakirusha begani. Akachukua sufuria ya wali, watu wakaikomboa kwa sahani ya nyama. Apolinaria alikuwa anapita na sinia la vikombe. Hakuwa na mpango wowote, na hilo alijiambia baadaye mara nyingi. Mpaka pale alikuwa anapita tu na vikombe.

Ndipo katekista akamsimamisha mama.

"Mama, poleni tena. Hawa ndio mabinti?"

"Ndio hawa," mama akajibu, akamvuta Kabula kwa mkono kutoka kwenye moshi. "Huyu ndiye mwenye kazi hapa nyumbani. Anafanya utafiti, anaongea na wasomi nchi nzima. Umeme wa nyumba hii ni yeye."

"Hongera sana binti! Na huyu?"

Mama akamtazama Apolinaria. Kwa kitambo kidogo tu, kama mtu anayetafuta neno sokoni na kukuta limeuzwa.

"Huyu bado anatafuta."

Katekista akatikisa kichwa kwa huruma. "Mungu hamtupi mja wake," akamwambia, akachukua kikombe.

Bado anatafuta. Mbele ya watu wote. Mama huyohuyo aliyechinja mbuzi siku ya mahafali, aliyebandika picha ya joho sebuleni, aliyekuwa akimwita "digrii yangu". Apolinaria alihisi masikio yanawaka. Akatembea na sinia lake mpaka kwenye ukumbi, na pale akamkuta Mzee Sabiri anafungua madebe na kuyafunga.

"Nyumba gani hii haina mali!" Sabiri alilalamika. "Sufuria na kigoda! Marehemu atanicheka huko aliko. Mjukuu, nipe kitu cha maana, kitu cha kuwafanya walie."

Apolinaria akaweka sinia chini.

"Mtani," alisema, na akatabasamu, "chumba cha mbele. Kabatini, chini ya khanga za marehemu. Chukua hicho, utaona kama hawatalia."

Ilikuwa rahisi hivyo. Kama kumwonyesha mgeni choo.

Sabiri akatoka na kompyuta imefungwa kwenye khanga ya bibi, akaipandisha kichwani, akazunguka nayo uani.

"Nimepata mtoto wa marehemu! Mweusi, amekunjwa, amenyamaza kama Mnyamwezi aliyeulizwa hesabu!"

Watu wakapiga vigelegele. Kabula alikuwa amepiga magoti mbele ya sufuria. Alipoona pindo la khanga, mwiko ukamtoka.

"Mzee Sabiri, shikamoo, tafadhali, hiyo hapana."

"Marahaba mke wangu. Hiyo ndiyo."

"Ni ya kazini! Nina mkutano saa tisa, tafadhali babu, chukua simu yangu, chukua nguo zangu."

"Ehee! Amelia! Basi bei imepanda. Nataka jogoo. Mwekundu, mwenye kilemba kichwani. Nipo dukani kwangu."

Na akaondoka, gauni la bibi likifagia vumbi. Kabula akageuka kwa mjomba.

"Mjomba, mwambie arudishe."

"Mtani huyo, mwanangu."

"Nitapoteza kazi!"

"Kabula!" mama yake mzazi alimkemea. "Unamkasirikia mtani? Siku ya bibi yako?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa anamenya ndizi akasema bila hata kuinua uso, "Mtoto yupo nyumbani tu siku zote, leo ndio kazi imekuja?" Wengine wakaguna kukubali. Kabula akasimama katikati ya ua, mikono imejaa unga wa ngano, anaangalia uso mmoja baada ya mwingine. Mwisho akamwangalia Apolinaria. Hakumshuku. Alimwangalia kama mtu anayezama anavyoangalia ukingo.

"Dada, nisaidie kutafuta jogoo."

"Nitaangalia upande wa huku," Apolinaria alijibu.

Kabula akatoka mbio, peku, khanga imefungwa kiunoni. Apolinaria hakuangalia upande wowote. Alikaa jikoni, akachota wali, akala. Utamu ule wa kifuani aliusubiri uje. Aliona Kabula anapita barabarani kwenda kwa majirani, kina Mwanahawa, akamwona anarudi mikono mitupu, akamsikia nyumba ya pili anapiga hodi. Akasukuma sahani kando. Utamu haukuja. Ulikuja wivu uleule wa kila siku, na safari hii umeleta mwenzake: hofu.

Kwa sababu Sabiri kwa kawaida haondoki na vitu. Kila msiba anavichukua, anakaa navyo chini ya mti wa mlangoni, anatukana kidogo, anakombolewa, basi, mchezo umekwisha kabla chai haijapoa. Apolinaria alidhani itakuwa hivyo. Alidhani Kabula atalia kidogo, ataaibika kidogo, atajua mambo hayaendi yote anavyotaka, kisha ataingia chumbani kwake na mkutano wake. Hakufikiria duka. Hakufikiria jogoo mwekundu.

Alipotazama saa ya ukutani na kuona saa tisa inagonga, alitoka bila viatu.

Sabiri alikuwa anakunywa kahawa kati ya vyerehani vyake, gauni bado mwilini. Kompyuta ilikuwa kwenye meza ya kukatia nguo.

"Mtani, nirudishie."

"Jogoo yuko wapi?"

"Nitakuletea kesho wawili. Mkutano wake unaanza, kweli, siyo utani."

Sabiri akainua uso kutoka kwenye kikombe. Macho yake yalikuwa mekundu. Ndipo Apolinaria akaona kwamba mzee yule alikuwa amelia peke yake mle dukani, ndani ya nguo ya rafiki yake.

"Si wewe uliyenituma?"

"Ni mimi."

"Sasa umekuja kukomboa kwa siri? Mzigo wa msibani haurudi kwa mlango wa nyuma, mjukuu. Ulitoka mbele za watu, utarudi mbele za watu." Akainuka, akaifunga tena kompyuta kwenye khanga ya bibi. "Lakini nitaurudisha. Leo nitawabebea nyinyi, siku moja tu, tangu dunia iumbwe."

Akaiweka kompyuta begani kama pembe ya ndovu, akashika fimbo, na akaanza kutembea kipagazi: hatua mbili mbele, moja nyuma, magoti yamepinda, akiimba kwa puani. Kutoka dukani kwake mpaka nyumbani ni jirani, ungetupa jiwe. Lakini mlango wa kwanza tu akasimama, akaushusha mzigo, akaanza kutaja vituo vya misafara ya zamani.

"Hapa Tura! Tunalala!"

Watoto wakamzunguka. Wanawake wakatoka majumbani. Apolinaria akamshika mkono.

"Mtani, twende, tafadhali."

"Msafara haukimbizwi!" Akanyanyua, akapiga hatua, akasimama tena. "Mgunda Mkali! Hakuna maji! Nani ana maji?" Mtu akamletea kikombe, akanywa taratibu, funda kwa funda, watu wakishangilia. Mbele kidogo akadai yuko Ugogo na akakataa kupita mpaka mwenye nyumba atoe ruhusa. Umati ukawa mkubwa. Mjomba Raymundi akaja kuwapokea njiani, anacheka mpaka machozi.

"Tura ni kwangu, umepita bila ushuru, rudi!"

"Nirudi?" Sabiri akageuka kweli.

"Usirudi!" Apolinaria akapiga kelele, na kelele hiyo ikawachekesha watu kuliko yote. Alikuwa anatoka jasho mpaka mgongoni. Angeweza kuunyakua mzigo akakimbia. Mikono yake ilitaka. Lakini mbele ya mjomba, mbele ya katekista, kumpora mtani siku ya matanga! Akatembea pembeni ya msafara, hatua mbili mbele, moja nyuma, kama mpagazi mwenzake.

Walipoingia uani, saa kumi ilikuwa imeshapita, na Kabula alikuwa amesimama na jogoo kwapani. Hakuwa mwekundu, alikuwa wa kijivu, amenyonyoka mkia, sijui alimtoa wapi. Kabula uso wake ulikuwa na vumbi na machozi.

"Bagamoyo!" Sabiri akatangaza. "Tumefika, mzigo mzima! Nipeni jogoo wangu, hata huyo mgonjwa." Halafu akaunyosha mkono, akamwelekezea Apolinaria fimbo. "Na mjue, wizi huu sikuufanya peke yangu! Mwenyeji alinielekeza! Huyu hapa! Aliniambia kabatini, chini ya khanga!"

Ua mzima ukacheka. Si mtani? Mtani husema lolote. Dakika hiyohiyo alikuwa amesema kwamba katekista ni mwanawe wa nje. Mama alicheka huku akijifuta macho, mjomba akampiga Sabiri mgongoni.

Kabula peke yake hakucheka. Aliyeambiwa kabatini, chini ya khanga, ni mtu mmoja tu duniani.

Akachukua kompyuta yake, akaingia ndani.

Apolinaria alimfuata mpaka mlangoni, akabaki hapo. Alisikia mlio wa mashine inawaka, kisha sauti za watu wengi wanaagana, mmoja anacheka. Kisha sauti ya mwanamke, nzuri, ya ofisini ingawa hakuna ofisi.

"Kabula! Tulikungoja sana mpenzi. Tumeshamaliza."

"Samahani, madamu. Nilikuwa na msiba nyumbani, bibi yangu."

"Oo, pole sana, hukutuambia. Ungetuambia tungepanga siku nyingine. Sasa tumeshampa Festo, na nimeshamwandikia mkurugenzi. Malizia simu zako za mwezi huu, sawa? Ukipatikana mradi mwingine tutakukumbuka."

"Sawa madamu. Asante."

Huko nje Sabiri alikuwa anaimba na jogoo analia.

"Dada, najua upo hapo. Ingia."

Apolinaria akaingia. Kabula alikuwa amekaa kwenye kitanda, hedifoni mapajani.

"Mtani kasema kweli?"

"Mtani anasema lolote, si unamjua."

"Sijamuuliza mtani."

Apolinaria akaangalia dirisha, akaangalia kabati lililo wazi, akaangalia miguu ya mdogo wake, iliyochubuliwa na kokoto.

"Ni mimi," alisema.

"Kwa nini?"

Alikuwa na maneno ya kusema. Kwamba hakujua Sabiri ataondoka nayo, kwamba alirudi kuifuata. Yote yalikuwa kweli na yote hayakufaa.

"Nakusikia kila siku unauliza watu," alisema. "Kazi ile niliisomea mimi."

"Ungeniambia! Wanachukua watu kila mara. Ningekufundisha, ningekupeleka kwa bosi mwenyewe."

"Ndiyo maana sikukuambia, Kabula. Wewe ni mdogo wangu. Ulitaka nikuombe?"

Kabula akamtazama kana kwamba anamwona mara ya kwanza. Apolinaria akasubiri. Alitaka atukanwe. Alitaka aitwe mchawi, apigwe hata kofi, mlango ufunguliwe watu wote wasikie. Angelia, angeomba radhi, na wangekuwa sawasawa, mmoja amekosa na mwingine amepiga.

Kabula akajifuta uso kwa pindo la khanga ya bibi, akaikunja vizuri, akairudisha kabatini.

"Usimwambie mama mkubwa," alisema. "Ametoka kumzika mama yake. Akijua na hili hatalala. Mimi nitasema mtandao ulikataa."

"Kabula..."

"Sijakusamehe, dada. Nimesema tu usimwambie."

Akatoka. Hata hapo, kwa utu, Kabula alikuwa amempita dada yake. Apolinaria alisimama katikati ya chumba chake cha zamani, akamsikia mama huko uani:

"Kabula mwanangu, umemaliza kazi?"

"Nimemaliza, mama mkubwa."

"Haya jamani mpisheni, msogeleeni kivulini. Punguzeni kelele kidogo. Mtoto katoka kazini, amechoka. Nani ana maji ya kunywa?"

Mkeka ukasikika unavutwa, watu wanasogea. Na Apolinaria, pamoja na yote aliyoyafanya, akayasikia maneno yale, mtoto, kazini, amechoka, na roho ikamuuma palepale pa siku zote.